Kupe wa Mbwa: Mtoe Mwilini, Mfukuze na Ukutani

Mbwa ni askari wa boma. Sisi tukilala, yeye yuko macho. Hulinda kuku na mbuzi, hubweka mgeni akifika, na watoto wakienda kuchunga hutangulia njiani. Mshahara wake ni ugali uliobaki na mfupa siku ya sikukuu. Lakini ukimshika huyu askari ukafunua masikio yake, mara nyingi utakuta kupe wamejipanga humo kama punje za mtama.

Vikundi vyetu vingi vimejifunza habari za kupe wa ng'ombe. Kila mfugaji anajua kazi ya josho, na anajua ule ugonjwa wa kuvimba tezi unavyoweza kumaliza ndama. Kupe wa mbwa hawazungumzwi sana. Watu husema, "Huyo ni mbwa tu, atajikuna." Wengine wanajitahidi, nao wana swali ambalo tunalisikia tena na tena: "Mbona tunawang'oa leo, na baada ya wiki mbili wamejaa tena?"

Jibu fupi ni hili. Kupe unaowaona kwenye mbwa ni wachache. Wengi zaidi wako pale anapolala: kwenye nyufa za ukuta, chini ya gunia lake, katikati ya mawe ya msingi, kwenye dari ya kibanda. Anayewang'oa mwilini tu anachota maji mtoni kwa ungo. Katika makala haya tutaeleza jinsi kupe anavyoishi, madhara yake kwa mbwa na kwa watu, namna ya kumtoa, na jinsi kikundi kinavyoweza kumzuia asirudi.

KUPE NI NANI?

Kupe hayuko katika kundi la nzi na viroboto. Yeye ni ndugu wa buibui. Mtazame vizuri aliyekomaa, utahesabu miguu 8. Hana mabawa na hawezi kuruka. Hutembea tu, na hungoja.

Msimchanganye na kiroboto. Kiroboto hurukaruka na kukimbia ndani ya manyoya. Kupe hujishikiza mahali pamoja, akazamisha mdomo wake kwenye ngozi, na hatoki mpaka ashibe. Ndiyo sababu mtu asiyeachilia husemwa kwamba amemganda mwenzake kama kupe.

Msimchanganye pia na papasi. Papasi naye hukaa kwenye nyufa za nyumba za udongo, lakini huja usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi zake. Yeye huleta homa ya papasi kwa watu. Tutamzungumzia siku nyingine, ingawa dawa ya kwanza ya wote wawili ni moja: kuziba nyufa.

Mbwa wetu hupandwa na kupe wa aina kadhaa. Wako wanaongojea kwenye nyasi ndefu na vichaka, nao humpata mbwa akienda kuwinda au kuchunga. Lakini anayesumbua zaidi nyumbani ni kupe wa kahawia wa mbwa. Huyu hana haja ya kichaka. Anaweza kuzaliwa, kukua na kuzaa pale pale nyumbani, bila kukanyaga shamba hata siku moja. Hivyo hata mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa, au anayeishi mjini, atampata.

SAFARI YA KUPE TOKA YAI MPAKA YAI

Tuifuate safari hii kwa makini, kwa maana humu ndimo lilimo jibu la swali letu.

Kwanza ni mayai. Jike akishiba damu huvimba akawa kama punje ya harage, rangi ya kijivu. Kisha huachilia na kuanguka mwenyewe. Mwenye mbwa akimwona ameanguka hufikiri shida imekwisha. Haijakwisha. Jike huyo hutambaa akitafuta ufa. Mara nyingi hupanda juu, ukutani au kwenye mbao za kibanda. Humo hutaga mayai, nayo yanaweza kufika 4,000. Akimaliza kutaga, hufa.

Pili ni vitoto. Mayai huanguliwa baada ya wiki 2 hadi 5 hivi, kutegemea joto. Kitoto cha kupe kina miguu 6 na ni kidogo kama ncha ya sindano, hata jicho linaweza kukipita. Hungoja mbwa alale karibu, humpanda, hunyonya kwa siku chache, halafu huanguka na kurudi ufani kubadili ngozi.

Tatu ni vijana. Sasa ana miguu 8. Humpanda mbwa mara ya pili, hunyonya kwa wiki moja hivi, huanguka tena na kubadili ngozi tena.

Nne ni wakubwa. Hawa humpanda mbwa mara ya tatu. Jike hunyonya mpaka avimbe, huanguka, naye hutaga. Safari inaanza upya.

Basi hesabuni. Kupe mmoja humpanda mbwa mara 3 na huanguka mara 3. Siku anazokaa mwilini ni chache. Siku nyingi hukaa ufani. Mahali penye joto, kama Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria, safari yote inaweza kumalizika kwa miezi 2 hivi. Kwenye baridi, kama Kinangop au Limuru, huchukua muda mrefu zaidi. Na yule mkubwa ambaye hajapata damu ana subira ya ajabu: anaweza kungoja zaidi ya mwaka mmoja bila kula.

Ndiyo maana ukiwatoa Jumamosi wale walio mwilini, wenzao walioko ukutani huja kuchukua nafasi zao.

MADHARA KWA MBWA

Kunyonywa damu peke yake ni hasara. Kitoto cha mbwa chenye kupe wengi huishiwa damu, ufizi wake ukawa mweupe, na kinaweza kufa. Lakini hatari kubwa zaidi ni vijidudu vya magonjwa ambavyo kupe huingiza anaponyonya. Tutaje magonjwa mawili.

La kwanza ni erlikiosisi, ambayo huletwa na yule kupe wa kahawia. Mbwa hupata homa, hukataa chakula, hukonda. Wengine hutokwa na damu puani, au huwa na madoa mekundu tumboni na kwenye ufizi. Ugonjwa huu umeonekana hapa kwetu tangu zamani, hata katika vitabu vya madaktari wa mifugo moja ya majina yake ni "ugonjwa wa Nairobi wa kutokwa na damu". Ubaya wake ni kwamba mbwa anaweza kuonekana amepona, akakaa miezi kadhaa, halafu ukarudi kwa nguvu. Tiba iko, na huchukua kama wiki 4 za vidonge kila siku. Wengi hukatiza dawa mbwa anapoanza kula. Msikatize.

La pili ni babesiosisi. Vijidudu vyake huvunja damu. Mbwa hulegea, ufizi huwa mweupe au wa manjano, na mkojo unaweza kuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Huu hauna subira; unaweza kuua kwa siku chache. Ukiona mkojo wa namna hiyo usingoje siku ya soko. Mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

MADHARA KWA WATU

Hapa tunaomba kila mzazi asome pole pole.

Kupe wa mbwa hupendelea mbwa, lakini wakiwa wengi nyumbani humuuma mtu pia, na mtoto ndiye anayelala na kucheza karibu na mbwa. Upo ugonjwa wa watu unaotokana na kupe hawa, na katika vitabu vya udaktari umepewa jina la nchi yetu: taifasi ya kupe ya Kenya. Taifasi si taifodi. Taifodi huletwa na maji na chakula kichafu. Taifasi hii huletwa na kupe.

Dalili zake huanza siku kadhaa baada ya kuumwa, mara nyingi karibu wiki moja: homa kali, kichwa kuuma, misuli kuuma, tezi kuvimba, na baadaye vipele mwilini. Mara nyingi mahali alipouma kupe hubaki kigaga cheusi. Mtu akiwa na homa sisi sote hukimbilia kusema, "Ni malaria." Pengine ndiyo, lakini si kila homa ni malaria. Kama damu imepimwa na malaria haikuonekana, au dawa ya malaria imekwisha na homa ingali ipo, mwambieni daktari wa dispensari waziwazi: "Nyumbani tuna mbwa mwenye kupe, na mtoto ana kigaga hapa." Maneno hayo machache yanaweza kumwonyesha njia, kwa maana dawa ya taifasi ya kupe si dawa ya malaria.

Ugonjwa huu haupiti kwenye kuumwa peke yake. Mtu akimponda kupe kwa kucha, majimaji yake yanaweza kuingiza vijidudu kupitia kidonda cha kidole, au jichoni akijipangusa. Watoto wengi hufurahia kuwapasua kupe walioshiba waone damu. Tuwaonye. Mchezo huo ni mbaya.

KUMTOA KUPE: HATUA KWA HATUA

Andaeni vitu hivi: kibanio kidogo chenye ncha nyembamba, kama kile cha kutolea miiba, chupa yenye mafuta ya taa au spiriti kidogo ndani, na kifuniko chake, sabuni na maji, na glavu au mfuko safi wa plastiki wa kuvaa mkononi. Asiye na kibanio anaweza kutumia uzi imara.

1. Mtulize mbwa. Ashikwe na mtu anayemjua, mahali penye mwanga. Kama ana tabia ya kuuma, mfunge mdomo kwa kitambaa kirefu: zungusha puani, pitisha chini ya taya, funga nyuma ya masikio. Mwache apumue vizuri, na ufungue mara tu mnapomaliza. Mbwa msiyemjua, au anayeonyesha tabia ngeni kama kutoka mate mengi, kuyumba au kuuma ovyo, msimguse kabisa. Huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Toeni habari kwa afisa wa mifugo au kwa chifu.

2. Tafuta kila mahali. Anza masikioni, ndani na nje. Halafu kope, shingo chini ya mkanda, makwapa, kati ya vidole vya miguu, kinena, na chini ya mkia. Pitisha vidole kinyume cha manyoya. Ukihisi kijiwe kidogo, funua utazame.

3. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale mdomo wake ulipoingia. Usimkamate tumboni, kwa maana ukimbinya tumbo unamsukumia mbwa uchafu wote ulio ndani. Kama unatumia uzi, tia kitanzi karibu na ngozi na ukaze.

4. Vuta moja kwa moja kwenda juu, pole pole, bila kuzungusha na bila kushtua. Ngozi itainuka kidogo, kisha ataachilia.

5. Mtumbukize kwenye chupa na ufunge kifuniko. Usimponde, wala usimtupe chini akiwa hai.

6. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji, au paka dawa ya vidonda. Kama kipande cha mdomo kimebaki ndani, usichimbe kwa sindano. Weka safi tu, mwili utakisukuma nje wenyewe. Uvimbe mdogo wa siku chache ni kawaida. Ukitoa usaha, onyesha daktari.

7. Nawa mikono kwa sabuni, hata kama ulivaa glavu.

Fanyeni hivi kila siku kama inawezekana, hasa jioni. Dakika 10 zatosha. Kupe hahitaji kukaa muda mrefu ili aambukize. Kwa erlikiosisi saa chache zinaweza kutosha, na kwa magonjwa mengine ni siku moja au mbili. Kila saa unayompunguzia ni faida. Na mkimaliza mbwa, tazameni watoto pia: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kiunoni na makwapani. Kupe wa mtu hutolewa kwa njia ile ile.

MAMBO YA KUACHA

Usimmwagie kupe mafuta ya taa akiwa bado ameuma, wala usimpake mafuta ya mgando, wala usimchome kwa kiberiti au sigara. Watu husema ataachilia. Ukweli ni kwamba huchelewa kutoka, na akisumbuliwa anaweza kutapika mate yake yenye vijidudu ndani ya mbwa. Mafuta ya taa ni ya kwenye chupa, si ya kwenye mbwa.

Usimpake mbwa oili chafu ya gari. Huchoma ngozi, na mbwa akijilamba humeza sumu.

Usimtibu mbwa kwa dawa ya kunyunyizia mahindi, pamba au kahawa. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mimea. Mbwa wengi wamekufa kwa njia hii, na kupe walibaki ukutani wakisubiri mbwa mwingine.

MAHALI ANAPOLALA MBWA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kupe methali hii ni ya kweli kabisa, wala si ya mafumbo. Ufa ndio nyumba yake, ndio chumba chake cha kuzalia.

Anzeni na malalo. Gunia au matambara anayolalia mbwa yachemshwe katika maji moto, kisha yaanikwe juani. Yale makuukuu yachomwe moto. Fanyeni hivyo kila wiki. Malalo yanayoweza kuondolewa na kufuliwa ni bora kuliko rundo la nyasi lisilobadilishwa.

Halafu kibanda. Kama ni cha mbao, kitoeni nje, mkikwangue, mmwagie maji yanayochemka kwenye viungo vyote na chini ya paa. Kikiinuliwa juu ya mawe au miguu mifupi, mnaweza kufagia chini yake. Kama mbwa hulala barazani au jikoni, zibeni nyufa za ukuta na sakafu. Nyumba ya udongo ikandikwe upya. Ya mawe itiwe saruji kwenye mapengo. Msiishie usawa wa goti. Kumbukeni kwamba kupe huyu hupanda, basi kandikeni mpaka juu.

Kisha uwanja. Fyekeni nyasi kuzunguka nyumba na njia ambazo mbwa hupita. Ondoeni marundo ya mawe, mbao na matofali yaliyokaa bila kazi karibu na malalo yake. Jua kali na ukavu ni maadui wa mayai na vitoto vya kupe.

Kuku nao ni wafanyakazi msiowalipa. Watafiti wa hapa Kenya, wa kituo cha wadudu cha ICIPE, waliandika mwaka 1991 jinsi kuku wa kienyeji wanavyodonoa na kula kupe wa mifugo. Kuku wakitembea bomani hupunguza kupe walioanguka. Lakini siku mnayotumia dawa, wafungeni kuku mpaka pakauke, wasile kupe wenye sumu.

DAWA: TUMIA, LAKINI KWA AKILI

Mahali penye kupe wengi, usafi peke yake hautoshi. Itabidi dawa. Kwenye maduka ya dawa za mifugo mtapata za kuogeshea, unga wa kupaka, matone ya mgongoni, mikanda ya shingoni, na siku hizi vidonge vya kutafuna ambavyo hulinda kwa mwezi 1 au hata miezi 3, kutegemea aina. Vidonge ni rahisi kutumia lakini bei yake ni ya juu, na mbwa mwenye kifafa asipewe bila ushauri wa daktari. Ziko pia dawa za pareto, ua ambalo wakulima wetu wanalijua vizuri. Vikundi vingi hutumia dawa ya kuogeshea, hasa amitrazi, kwa sababu bei yake inafikika. Basi tushike sheria hizi:

Soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa. Kama haimtaji mbwa, usiinunue kwa ajili ya mbwa, hata muuzaji akisema, "Ni ile ile tu." Asiyeweza kusoma aombe katibu wa kikundi amsomee.

Pima kwa bomba la sindano, usipime kwa kizibo wala kwa jicho. Tuseme karatasi imeandika mililita 2 kwa kila lita ya maji. Ndoo ya lita 10 itataka mililita 20, basi. Kuongeza "kidogo cha nguvu" hakuui kupe zaidi, kunamuumiza mbwa.

Vaa glavu. Mwogeshe mbwa asubuhi siku yenye jua, baada ya kunywa maji ili asilambe ya dawa. Tumia kitambaa au sponji, ukianzia shingoni kwenda nyuma, na usisahau kati ya vidole. Macho, pua na mdomo visiguswe. Mwache akauke kivulini. Watoto wasimshike mpaka akauke kabisa.

Msiogeshe kwa amitrazi vitoto vya mbwa wa chini ya miezi 4, mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha, au mgonjwa. Hao watolewe kupe kwa mkono, na daktari aulizwe. Amitrazi isiwekwe pia kwa punda wala farasi, huwaletea ugonjwa mkali wa tumbo. Na kwa wenye paka: dawa nyingi za mbwa ni sumu kwa paka. Permethrini inayompendeza mbwa inaweza kumuua paka aliyelala naye.

Mbwa akianza kulegea, kuyumba, kutetemeka, kutapika au kutoka mate mengi baada ya dawa, mwosheni mara moja kwa maji mengi na sabuni, muwekeni kivulini, mumpeleke kwa daktari pamoja na chupa ya dawa.

Maji yaliyobaki msiyamwage mtoni, kisimani wala kwenye bwawa la samaki. Chimbeni shimo mbali na maji. Chupa tupu isigeuzwe kuwa ya maziwa au ya mafuta ya kupikia. Itobolewe na kufukiwa.

Mwisho, rudieni. Kuogesha mara moja ni kuwafukuza wageni na kuacha mlango wazi. Fuateni siku zilizoandikwa kwenye karatasi, na msikome kabla ya miezi 3, hata mkiona mbwa ni safi. Miezi hiyo ndiyo inayowakamata wale wanaotoka ufani mmoja mmoja.

KAZI YA KIKUNDI

Mbwa hawana mipaka. Wa kwako akiwa safi na wa jirani akiwa amejaa, kupe watatembelea nyumba yako tena. Kwa hiyo kazi hii huenda vizuri ikifanywa na kijiji au angaa mtaa mmoja.

Tunapendekeza kikundi kichague siku moja kila baada ya wiki 2, kwa miezi 3. Kila boma lilete mbwa wake akiwa na kamba. Mwekahazina akusanye mchango mdogo na dawa inunuliwe kwa pamoja. Tazameni faida yake: chupa ya mililita 100, kwa kipimo cha mililita 2 kwa lita, hutoa lita 50. Mbwa wa kadiri akitumia lita 3, chupa hiyo itaogesha mbwa 16. Tena dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji huharibika, haiwekwi mpaka mwezi ujao. Mtu mmoja mwenye mbwa mmoja angemwaga nyingi. Watu wengi pamoja hawamwagi kitu.

Vijana wanaweza kupewa kazi ya kukandika nyufa kwa akina mama wajane na wazee wasio na nguvu. Katibu aandike daftari: jina la boma, idadi ya mbwa, kupe walioonekana, tarehe. Daftari hilo litawaonyesha kama mnaenda mbele au mnarudi nyuma.

Mwalikeni afisa wa mifugo. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo ulizeni kwenye ofisi ya wadi au kaunti ndogo. Siku mbwa wamekusanyika ni nafasi nzuri ya kuuliza pia juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hupaswa kutolewa kila mwaka. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mbwa aliyechanjwa na asiye na kupe ni ulinzi kwa nyumba nzima.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mbwa wetu hulala wapi? Twendeni mabomani matatu tukatazame nyufa.
2. Ni nani kati yetu aliyewahi kutibiwa malaria bila kupona? Je, palikuwa na mbwa mwenye kupe nyumbani?
3. Ni dawa gani tunazotumia sasa kwa mbwa? Karatasi zake zinasemaje?
4. Watoto wetu hufanya nini wakiona kupe? Tutawafundisha vipi?
5. Siku yetu ya kwanza ya kuogesha mbwa itakuwa lini, na nani ataleta ndoo?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kujibu swali la tano. Mengine ni mazungumzo, hilo ndilo kazi.